Kabla ya Kulipa Ada ya Shahada ya Saikolojia, Soma Orodha ya Kozi

Mazungumzo na wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha sita, Songea



Mwaliko wenu ulitutaka tuzungumzie haki za mlaji. Tulidhani tutaulizwa habari za mbolea, mizani au simu bandia, tukaandaa karatasi zetu hivyo. Tulipouliza ni mlaji wa bidhaa gani hasa, mwalimu mmoja alitujibu kwa maneno matatu: mlaji wa chuo. Ikabidi tuziweke kando karatasi za mbolea. Ukiondoa nyumba, familia nyingi za Ruvuma hazifanyi ununuzi mkubwa kuliko shahada ya mtoto, na huenda hakuna ununuzi unaofanywa kwa maswali machache kiasi hicho. Mkulima akinunua mfuko wa mbegu huugeuza nyuma, akasoma tarehe, akauliza kama mbegu imethibitishwa. Mkulima huyohuyo hulipa ada ya mwaka wa kwanza kwa kuwa jina la shahada limemvutia kijana wake.

Leo tutashughulika na shahada moja tu, ya saikolojia. Tumeichagua kwa sababu vijana wengi wanaitaja, na kwa sababu jina lake linaahidi mambo mengi kuliko yaliyomo.

Mama mmoja kutoka Mbinga alifika ofisini kwetu akiwa na bahasha ya risiti. Binti yake alikuwa anamaliza mwaka wa tatu wa shahada ya saikolojia katika chuo kimoja nje ya mkoa huu, na mama alikuwa ameambiwa kwamba mahafali hayapo, mwaka wa nne upo. Kahawa ya msimu ule ilikuwa imekwisha kuuzwa na fedha zimekwisha kutumika. Mkopo wa binti ulikuwa umepangwa kwa miaka mitatu. Mama alitaka tumsaidie kukishitaki chuo kwa udanganyifu.

Tuliketi naye tukazisoma karatasi zote, na kilichotokea ni hiki. Muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza binti aliliona somo la takwimu, akaogopa, kwa kuwa hisabati ilimtesa tangu sekondari. Aliomba kuliahirisha, akachukua kozi ya hiari iliyoonekana nyepesi, na mshauri wake wa masomo akatia saini. Hakuna aliyelizungumzia tena mpaka muhula wa pili wa mwaka wa pili, alipotaka kujiandikisha kwenye Mbinu za Utafiti akakataliwa: kozi hiyo haichukuliwi na asiyefaulu takwimu. Takwimu ilifundishwa muhula wa kwanza tu, kwa hiyo akaisoma mwaka wa tatu. Mbinu za Utafiti ilifundishwa muhula wa pili tu, kwa hiyo ikafuata hapo. Na tasnifu, yaani ule utafiti mdogo wa kumalizia shahada, haikuruhusiwa kuanza kabla ya hizo mbili. Kozi moja iliyoahirishwa wiki ya kwanza ya chuo ilizaa mwaka mzima wa pango, chakula na nauli.

Je, alidanganywa? Sharti lile lilikuwa limeandikwa kwenye mwongozo wa chuo, katika safu ya mwisho ya jedwali, kwa herufi ndogo. Tulikiandikia chuo, nacho kikakubali alipie krediti zilizobaki tu badala ya ada ya mwaka mzima. Pango na chakula hakuna aliyevipunguza. Tunaona mshauri wa masomo aliyetia saini bila kueleza athari zake alikosea, na tulilisema hilo kwa maandishi. Lakini mama aliporudi Mbinga alikuwa na barua yetu, na mwaka wa nne ulikuwa palepale.

Ndiyo maana tunataka mwijue bidhaa hii kabla ya kuilipia.

Muuza nafaka ana kilo, chuo kikuu kina krediti. Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo si za darasani pekee. Ndani yake kuna mihadhara, semina, kazi za kuandika, kujisomea na mtihani wenyewe. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka 3 haipungui krediti 360. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Krediti 120 ni saa 1,200 kwa mwaka, yaani saa 600 kwa muhula. Muhula ukiwa na wiki 15 za kazi, mwanafunzi anadaiwa saa 40 kila wiki. Mzazi anayeona ratiba ya vipindi vichache akadhani kijana wake anapumzika, na kijana anayeona ratiba hiyohiyo akatafuta kazi ya dukani ya kutwa nzima, wote wawili wanasoma sehemu moja tu ya lebo. Ikiwa ni lazima kufanya kazi, na kwa wengine ni lazima, basi mpango uwe wa krediti chache kwa muhula na miaka mingi zaidi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo chake hapa mkoani, kimejengwa juu ya hali hiyo.

Sasa jina. Jina linaweza kumpotosha mtu bila yeyote kusema uongo. Vijana tuliozungumza nao asubuhi, walipoulizwa saikolojia ni nini, walisema ni kazi ya kumsikiliza mtu mwenye msongo wa mawazo na kumpa ushauri. Hiyo ni sehemu yake. Katika nchi yetu, hata hivyo, saikolojia ya chuo kikuu imelelewa kwa muda mrefu ndani ya fani ya elimu. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vimekuwa na shahada ya elimu katika saikolojia, na mwenye shahada ya namna hiyo amesoma kwa wingi namna mtoto anavyojifunza, anavyopimwa na anavyofundishwa. Ni shahada ya heshima, inayomfaa anayetaka kufundisha vyuo vya ualimu au kushughulika na malezi na ushauri shuleni. Anayetaka kukaa hospitali akiwahudumia wagonjwa wa akili kama mwanasaikolojia tiba ajue tangu leo kwamba shahada ya kwanza haimfikishi huko. Ni lazima aendelee na shahada ya uzamili, kama ile ya saikolojia tiba inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Majirani zetu wamepanga tofauti. Makerere, Uganda, wanayo shahada ya saikolojia ya viwanda na taasisi, na nyingine ya saikolojia ya huduma kwa jamii. Mtu anajua anachonunua kwa kusoma jina. Kenya wana sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hiyo anayekusudia kufanya kazi huko asome masharti ya usajili wao kabla ya kuchagua kozi zake. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza jumuiya yetu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo halikufuta mipaka yote. Tuzo ya nje bado hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe hapa nchini, na kabla ya kuvuka mpaka ni busara kuiuliza Tume kama programu unayoiendea inatambulika.

Tunawaomba sasa wahitimu watoe daftari. Gawanyeni ukurasa mmoja mistari sita, kila mstari ni muhula mmoja. Msianze juu. Anzeni mstari wa sita, andikeni "tasnifu". Kisha ulizeni: ili niruhusiwe kuandika tasnifu, ni lazima niwe nimefaulu nini? Jibu, kwa programu nyingi, ni Mbinu za Utafiti. Iandikeni mstari wa nne, au wa tano kama chuo chenu ndivyo kilivyopanga. Ili niruhusiwe Mbinu za Utafiti? Takwimu. Takwimu inakaa mstari wa kwanza au wa pili, nayo isihamishwe hapo kwa sababu yoyote isipokuwa ugonjwa. Endeleeni hivyo na kila kozi ya mwaka wa tatu: upimaji wa kisaikolojia unadai nini kabla yake, ushauri nasaha wa juu unadai nini, mafunzo kwa vitendo yanadai nini. Kando ya kila kozi andikeni muhula inapofundishwa. Kozi inayofundishwa mara moja kwa mwaka ichoreeni duara, kwa sababu ukiikosa unangoja miezi kumi na miwili. Utangulizi wa Saikolojia, Saikolojia ya Makuzi na Saikolojia ya Jamii kwa kawaida zitajipanga zenyewe katika mwaka wa kwanza na wa pili.

Tunajua baadhi yenu mmetoka HKL na mnajiuliza takwimu inatafuta nini katika elimu ya nafsi. Saikolojia ilijitenga na falsafa kwa kupima. Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, na tangu hapo anayedai kwamba watoto walioachishwa ziwa mapema wana woga zaidi, au kwamba wahitimu wa mjini wana msongo kuliko wa kijijini, anatakiwa aoneshe amewahesabu wangapi na tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Hisabati inayohitajika ni ya kujumlisha, kugawanya, kipeo cha pili na kipeuo chake, pamoja na kusoma jedwali na kuwa na subira. Miezi kati ya matokeo ya kidato cha sita na kufunguliwa kwa vyuo inatosha kabisa kurudia kitabu cha hisabati cha kidato cha pili na cha tatu. Sisi tuliomaliza chuo si zamani sana tunaweza kushuhudia kwamba waliofeli takwimu darasani kwetu walikuwa wengi wa wale waliokwisha kuikatia tamaa kabla mhadhiri hajaingia.

Jambo la nne linahusu GPA, wastani wa ufaulu, na hapa tunaona wanafunzi wengi wakipoteza kwa kutojua hesabu ndogo. Kozi hazina uzito sawa. Alama ya A inahesabiwa 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2; kila moja huzidishwa kwa krediti za kozi yake, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Chukueni mwanafunzi mwenye kozi mbili, moja ya krediti 8 na nyingine ya krediti 12. Akipata A kwenye ile ndogo na C kwenye ile kubwa, wastani wake ni 3.2. Akipata C kwenye ndogo na A kwenye kubwa, wastani ni 3.8. Alama ni zilezile, herufi ni zilezile, lakini 3.2 ni daraja la pili la chini na 3.8 ni daraja la pili la juu. Anayelenga shahada ya uzamili, na tumesema kwamba mwanasaikolojia tiba hana njia nyingine, apange saa zake za kujisomea kwa kufuata uzito huo, wala asitumie mwezi mzima kupamba kazi ya kozi ya krediti 8 kwa kuwa inampendeza. Na mitihani ya marudio, ile ambayo wanafunzi huiita sapu, waulizeni chuo inahesabiwaje. Vyuo vingi humpa aliyefaulu kwa marudio alama ya chini ya kufaulu tu, hata kama safari hii amefanya vizuri sana.

Kozi za hiari zina tatizo lake. Orodha ya chuo inaweza kuonesha kozi kumi na tano za hiari, na mwaka huo zikafundishwa tano, kwa sababu mhadhiri yuko masomoni au wanafunzi hawakutosha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mtoa huduma kumpotosha mlaji, nasi tunaamini chuo kinachotangaza kozi kwa mbwembwe kinapaswa kuwa tayari kusema ni zipi zilizofundishwa kweli mwaka uliopita. Ulizeni swali hilo kwa maandishi, kwa barua pepe, mpate jibu la maandishi.

Mkiwa na nafasi ya kuchagua, tuna upendeleo wetu na hatuufichi: chagueni upimaji wa kisaikolojia. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti aliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza. Walipotakiwa kunakili umbo kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza waliongoza. Walipopewa waya wa kukunja, watoto wa Zambia waliongoza, kwa kuwa wao ndio waliozoea kujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Mtoto wa Namtumbo anayepimwa akili kwa chombo kilichotungwa mbali anahitaji mtu anayeielewa habari hiyo, na mtu huyo hupatikana miongoni mwa waliosoma kozi ya upimaji.

Mafunzo kwa vitendo yapangieni fedha mapema. Ada huyataja kwa sentensi moja, lakini wiki za kukaa mji mwingine zina pango lake. Programu nyingi humruhusu mwanafunzi kupendekeza mahali pake mwenyewe. Anayeishi hapa anaweza kuomba Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ofisi ya ustawi wa jamii au shule, akalala nyumbani kwao. Barua za maombi huchukua muda; mwanafunzi aziandike muhula mmoja kabla.

Kuhusu udahili tutapita haraka, kwa kuwa walimu wenu wamekwisha kuwaeleza. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini kila programu ina masomo yake inayoyahesabu, nayo yameandikwa kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu kila mwaka. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Programu ambayo haimo kwenye kitabu hicho msiilipie, hata kama anayewaita ni ndugu, hata kama ada ni nusu. Songea hamhitaji kuhadithiwa jambo hili. Mwaka 2016 kampasi za chuo kikuu zilizokuwa hapahapa mjini zilifungwa kwa uamuzi wa Tume, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Waliokuwa na nakala za matokeo yao ya kila muhula, zenye majina ya kozi na krediti zake, walikuwa na kitu cha kumwonesha mpokeaji. Kwa hiyo kila muhula chapisheni matokeo, yapigeni picha, na nakala moja ikae nyumbani kwa mzazi.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nao ni deni, wazee wetu. Tunalisema kwa sababu bado tunakutana na wanaoamini ni zawadi. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Kwa hiyo mwaka wa ziada unamgharimu kijana mara mbili: anaulipia sasa kwa fedha ya nyumbani, na wakati huohuo anachelewa mwaka mmoja kuanza kulipunguza deni la miaka mitatu iliyotangulia.

Mama wa Mbinga alituuliza kabla ya kuondoka: angelijuaje, yeye ambaye hakufika sekondari? Hatukuwa na jibu zuri siku ile. Tangu hapo tumeandaa karatasi moja yenye maswali saba ambayo mzazi yeyote anaweza kumkabidhi kijana, naye ayapeleke chuoni na kurudi na majibu yaliyopigwa muhuri: programu ina ithibati mpaka lini, krediti kwa kila muhula ni ngapi, kozi zipi zinafungua nyingine, zipi hufundishwa mara moja kwa mwaka, zipi za hiari zilifundishwa mwaka jana, mafunzo kwa vitendo hulipiwa na nani, na mwanafunzi akibakiza kozi moja, analipia krediti hiyo au mwaka mzima. Mzazi asiyesoma atahitaji tu kuhesabu kama majibu ni saba.

Karatasi hizo ziko mezani karibu na mlango, pamoja na nakala za jedwali lenye mistari sita. Wenye barua za udahili mkononi tutakaa nao mmojammoja hadi saa kumi jioni tujaze jedwali pamoja. Kalamu tulizokuja nazo ni chache, tunawaomba mwazimane.